Kifuu Nilichompokonya Mama

Fagaloto, Savai'i
Jumatatu baada ya Sikukuu ya Watoto

Mpendwa ndugu yangu Lafaele,

Nakusalimu kwanza kwa jina lako la nyumbani, la cheo litafuata. Wewe ni matai wetu na neno lako ndilo linalosimama katika ukoo, lakini nilikubeba mgongoni ukiwa na kamasi, na leo nataka kuzungumza na yule wa kamasi.

Hujambo? Mkeo Ana hajambo? Sulu anaendeleaje na masomo yake ya uuguzi? Na mgongo wako, bado unakusumbua ukitoka zamu? Usiache kuukanda. Sisi huku tu wazima kwa kadiri ya umri wetu. Mama anakula kidogo, analala vizuri, na kila asubuhi anagombana na kuku wa jirani. Mashelisheli mwaka huu yamezaa mpaka tunawatupia nguruwe. Mimi sijambo, yaani nasimama na kutembea. Nimechoka, Lafaele. Ni uchovu ule ambao mtu analala nao na kuamka nao, haujapungua hata chembe.

Barua hii anakuletea mke wa mchungaji, anayekuja huko Auckland kumwona mjukuu. Nimeibandika kwa gundi na juu yake nimepitisha uzi, maana ni mke wa mchungaji lakini ana macho kama mimi na wewe. Ukiikuta imefunguliwa, jua la kufanya.

Najua umenikasirikia. Jumapili ile uliyopiga simu tulikuwa tumekaa kula baada ya ibada, simu iko katikati ya mkeka, sauti imefunguliwa, na kwa kuwa nyumba yetu haina kuta hata waliokuwa wakipita njiani walisimama kukusikiliza. Ulisema nimemzika mama akiwa hai. Ulisema nimemwibia mwanao Sulu kifuu cha dawa alichoahidiwa na bibi yake tangu siku ya ubatizo. Sikujibu neno. Wengine walisema kimya changu ni kiburi, wengine wakasema ni kukiri. Kilikuwa ni gimbi mdomoni tu, na heshima kidogo kwa cheo chako. Sasa nimeshalimeza, nitajibu.

Mwanzo wake ni miguu ya mama. Baada ya Pasaka ilianza kuvimba, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Nilimsihi twende hospitali, akakubali kwa sharti kwamba asijue mtu. Akavaa nguo zake nyeupe za kanisani, na kila aliyetuuliza ndani ya basi alimjibu kwamba ananipeleka mimi, tumbo langu limenishinda. Kwa hiyo kama uliwahi kusikia nina vidonda vya tumbo, sina. Nilikaa pale nimejishika tumbo njia nzima kwa ajili yake.

Daktari tuliyemkuta anaitwa Olioli, binti mdogo, lakini si wa kudharau watu. Alituambia yeye mwenyewe amelelewa kwa nonu kama sisi, bibi yake alikuwa akimfunga majani ya mti huo tumboni na kumnywesha maji ya matunda yake akikohoa. Alimpima mama, akatoka, akarudi, akavuta kiti akakaa karibu naye kabisa. Akasema sukari imezila figo, kazi iliyobaki zinaifanya kwa shida. Kisha akasema nonu sasa basi. Alieleza kwamba ndani ya yale maji mna aina ya chumvi, potasiamu, nayo ni nyingi sana. Mtu mwenye figo nzima huitoa kwa mkojo. Mama hawezi kuitoa, basi inajikusanya katika damu, na siku moja moyo unasimama, bila homa, bila maumivu, mtu akiwa anamenya gimbi lake.

Mama akauliza, hata funda moja? Daktari akamuuliza kwa siku ni mafunda mangapi. Mama akajibu, tena kwa majivuno, unamjua, kwamba inategemea wagonjwa, kuna siku nyumba inajaa mpaka wengine wanakaa juu ya mawe nje. Yule binti akavua miwani akasema taratibu, "Basi hilo si funda, bibi. Hilo ni jagi."

Njiani kurudi mama alinuna. Tulipokaribia nyumbani ndipo aliposema kwamba figo zake zilianza kuizoea nonu kabla mama wa yule mtoto hajaposwa.

Wewe uliondoka hapa ukiwa kijana, na mambo ya mitungi ya nonu yalikuwa ya wanawake, kwa hiyo sina hakika unajua kwa nini asingeweza kuacha tu. Wewe ungeacha. Mimi ningeacha kwa furaha. Lakini kifuu cha nyumba yetu kina sheria yake. Ulipokuja ule ugonjwa mkubwa na meli, wa wakati wa bibi mzaa bibi, uliokomba nusu ya ukoo wetu, watu walibaki hawaamini dawa ya mkono wa mtu yeyote. Bibi huyo akawa anakunywa yeye kwanza, kutoka kifuu kilekile, mbele ya mgonjwa, kisha anampa. Tangu hapo ikawa hivyo. Mganga wa nyumba yetu asipokunywa mbele yako, unainuka unakwenda zako. Na kifuu hakichukuliwi, hupewa. Mwenye nacho humtia mkononi anayemrithi, watu wakishuhudia, na kutoka siku hiyo yeye hatibu tena. Mama alikwisha sema atampa Sulu Krismasi hii mtakapokuja. Hilo nalijua, sikulisahau hata kwa dakika moja.

Nilimwomba mama akutumie habari ili Sulu aje mapema. Akasema kifuu si nguo za kwenye kamba, kwamba mvua ikitisha unakimbia kuzianua. Nikamwomba afunge kazi mpaka Krismasi. Akaniuliza, na miguu ya mzee Tuala nayo ifungwe? Nikaanza kuwafukuza wagonjwa. Nilikuwa nawakuta pale kwenye ukingo wa mawe, nawaambia kwa adabu kwamba mama amelala. Basi anapaza sauti kutoka nyuma ya pazia, "Nani kalala? Ingia mwanangu, usimsikilize huyo." Nikahamisha mitungi, nikaificha nyuma ya banda la nguruwe. Harufu ya nonu iliyochacha unaikumbuka. Mtu huwezi kuificha, ni kama kuficha maiti. Shangazi Nive aliifuata kwa pua yake kutoka nyumbani kwake akairudisha yote kwa toroli, akaniuliza kama nimeanza biashara na nguruwe.

Kwa hiyo nikakaa namtazama mama akinywa. Mgonjwa anakuja, mama anachota, anainua kifuu, anakunywa, anampa, anazungumza naye kidogo, kisha anainuka kwenda nyuma ya jiko kuchuma majani. Na mimi pale nimekaa na upepeo mkononi, namwangalia kifua. Usiku nilihamishia mkeka wangu karibu na wake ili nisikie pumzi. Sikulala usingizi wa kueleweka kwa miezi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na wewe huko ulikuwa ukinipigia simu kuniambia nimpe mama nonu zaidi, kwamba kuna mzee wa kanisani kwenu imemrudishia nguvu. Nilikuambia kuhusu figo, ukasema madaktari wa siku hizi wanaonea haya mambo ya kwao. Nakukumbusha si kwa kukulaumu. Nakukumbusha kwa sababu ulisema.

Siku yenyewe ilikuwa zamu ya nyumba yetu kukaribisha kamati ya akina mama. Walikuwa wamejaa, wanasuka mikeka na kusema watu. Wiki ile kidole cha mama kilikuwa kimevimba mpaka pete ya baba ikabidi ikatwe kwa koleo. Mzee Tuala akaja anachechemea na mguu wake, akakaa. Mama akachota. Alipoinua kifuu niliona vile vidole, vimekuwa vinene na vinang'aa, na pale palipokuwa na pete pana alama, na nikasema moyoni ndiyo hii. Hili ndilo funda lenyewe.

Sikupanga, Lafaele. Mkono ulikwenda. Nilikichukua kifuu kutoka mikononi mwake, nikakinywa chote mpaka chini, nikachota tena, nikampa mzee Tuala.

Ukindu ulinyamaza mikononi mwa wanawake. Mzee Tuala alinitazama, akamtazama mama, akanitazama tena, kisha akanywa, maana ni mtu wa adabu na mguu wake ulikuwa unamuuma. Ndipo Shangazi Nive akasema, kwa upole kabisa, na ndiyo maana iliniuma zaidi, "Fuatino, mamako bado anapumua."

Mama hakunigombeza. Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa, akainuka kwa shida, akaenda nyuma ya pazia akalala. Kutoka hapo hakusema nami tena. Alisema na wageni, alisema na kuku, alisema na Mungu kwa sauti kila jioni wakati wa sala. Nikimpelekea chakula anakula, anarudisha sahani kwa kuisukuma kwa kidole. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Na kifuu sasa ni changu. Unafikiri nilikitaka? Kila alfajiri naokota nonu, naziosha moja moja, nachagua zilizolainika, napanga kwenye mitungi, nafunga kitambaa, nazipeleka juani, nageuza zile za zamani, nachuja zilizoiva. Nywele zangu zinanuka, mto wangu unanuka. Kanisani watoto wanasogea mbali nami. Na wagonjwa wanakuja vilevile, kwa sababu wana maumivu, lakini wanapokea dawa kwangu kama mtu anayepokea chenji kwa muuzaji asiyemwamini. Ukishakunywa umekunywa, huwezi kumkatalia mtu. Nilichofanya cha kwangu ni kimoja tu: mwenye miguu ya kuvimba au sukari simpi, namwambia aende kwanza kwa Daktari Olioli. Kwa hilo nimetukanwa pia. Nive amenipa jina, ananiita Mganga wa Rufaa. Akipita anauliza kama leo napokea au naiba.

Mwezi uliofuata nilimrudisha mama hospitali, naye kimya njia nzima, safari hii bila hata kunisingizia tumbo. Daktari akasema damu imetulia, moyo uko salama, chochote tunachofanya tuendelee nacho. Nikatoka nje nikalia nyuma ya gari la wagonjwa. Nilijiambia: basi, mama yu hai na ananichukia, na hiyo ni biashara ninayoweza kuikubali. Nilijishika na hilo, Lafaele. Lilikuwa jambo pekee nililokuwa nalo. Hata uliponisema mbele ya watu nilikuwa nalo, nililishika huku natafuna.

Lakini maneno yako yaliniingia. Hukukosea kwamba nimechukua kilichokuwa cha mwanao. Na kimya cha mama kilikuwa kimenimaliza. Nikaamua kufanya ifoga, niombe radhi nikiwa nimejifunika mkeka.

Cheka ukitaka. Kijiji kizima kimecheka. Ifoga wanafanya watu wa ukoo mmoja kwa ukoo mwingine, mtu kaua au kamgonga mtu kwa gari. Hujasikia binti akimfanyia mamake katika nyumba wanayolala wote. Nilitatizika hata nitokee wapi. Mwisho niliamka kabla ya mapambazuko, nikatokea upande wa jikoni, nikaenda mpaka barabarani, nikageuka nikarudi kama mgeni, nikakaa juu ya kokoto mbele ya nyumba na kujifunika mkeka mwororo kichwa mpaka magoti. Mkeka huo nao ni habari. Mikeka yetu yote mizuri ilikwenda kwenye msiba wa baba, uliobaki ni mmoja, ule ambao mama ameuweka chini ya godoro lake kwa ajili ya mazishi yake mwenyewe. Niliuvuta taratibu akiwa anakoroma.

Kulipopambazuka nikasikia ndala za Shangazi Nive, anakwenda kununua mkate. Zikasimama. Akazunguka upande huu na upande ule. Akasema, "Wewe binti. Ifoga kwenye nyumba yako mwenyewe? Ukisamehewa utaingia, au utarudi kwenu?" Sikujibu, aliyeko chini ya mkeka hajibu. Akaenda kuita watu. Ilikuja kamati nzima, akaja mzee Tuala, akaja na mchungaji, na nilisikia watoto wa shule wakipita polepole makusudi. Jua likapanda. Chini ya mkeka mtu huoni kitu ila miguu ya watu na wadudu. Nilikuwa na kiu, goti limekufa ganzi, na nilikuwa nawaza kwamba mitungi leo hajaigeuza mtu.

Kisha nikaona miguu ya mama. Haikuwa imevimba tena. Ilikuja mpaka kwangu ikasimama. Akaufunua mkeka mbele yao, yaani amenisamehe. Wanawake wakalia. Mchungaji akaomba sala ndefu juu ya rehema za mama. Na mama aliinama kama ananibusu, akaniambia sikioni, neno lake la kwanza kwangu tangu siku ile, "Huu mkeka ni wa kunizikia, na wewe umeuweka kwenye umande."

Hapa sasa ndipo penye sababu ya barua. Hayo ya juu ungeyasikia kwa mtu yeyote.

Watu walipotawanyika mama aliutandaza mkeka juani, akaukung'uta, akaukagua nyuzi zote. Kisha akaniita jikoni. Alinikalisha kwenye kigogo, akachemsha kakao, akanimiminia, jambo ambalo hajanifanyia tangu nikiwa msichana. Akakaa amenipa kisogo anakwangua nazi, na kwa namna hiyo akaniambia kwamba alikuwa anaitema.

Sikuelewa. Nikamuuliza unatema nini. Akasema nonu. Tangu siku ile ya Daktari Olioli hajaimeza hata tone. Alikuwa anainua kifuu, anaiweka shavuni, anampa mgonjwa kilichobaki, anazungumza naye kwa kugunaguna na kutikisa kichwa, kisha anainuka kwenda kuchuma majani, na kule nyuma ya jiko, kwenye shina la mgomba, anaitema yote na kusukutua kwa maji ya dafu. Mimi nilikuwa namtazama kifua. Shavu sikulitazama. Nikamuuliza ule uvimbe wa vidole ulikuwa wa nini basi. Akasema wa chumvi ya nyama ya kopo, aliyokuwa akiila kwa siri kwa Nive, na ameiacha.

Nikauliza kwa nini hakuniambia. Alikwangua ile nazi mpaka kifuu chake kikawa kitupu, akaendelea kukwangua kifuu. Akasema, "Niliogopa, Fuatino. Maisha yangu yote nawaambia watu kunyweni, msiogope. Halafu katoto kamoja kenye miwani kananiambia moyo utasimama, nikaogopa kufa. Ningesemaje? Mganga anayetema dawa yake mwenyewe ni kitu gani?" Akasema siku nilipompokonya, moyoni alishukuru. Alikuwa amechoka kutema. Alinyamaza wiki zote zile si kwa hasira, ni kwa aibu, kwa sababu kila aliyekuja alimpa pole na kumwita mama mvumilivu, na yeye akazipokea zile pole zote, na mimi niko pale nageuza mitungi.

Nilikasirika, Lafaele. Sijawahi kumkasirikia mtu hivyo, na sikuwa na pa kuipeleka hasira kwa sababu mbele yangu alikuwa kikongwe anakwangua kifuu kisicho na nazi. Kile nilichokuwa nimejishikia, kwamba nimemwokoa, kikanitoka mkononi. Sikumwokoa mtu. Nilichukua kifuu cha Sulu bure, nikalia nyuma ya gari la wagonjwa bure, nikakaa juani chini ya mkeka na kukiri mbele ya kijiji kizima kosa ambalo halikuwa na kazi yoyote. Nilitoka nikaenda mpaka kwenye ule mgomba. Umestawi kuliko yote. Nikacheka mwenyewe pale mpaka mbavu zikauma, na baada ya kucheka nikalia, na baada ya kulia nikaona kwamba jambo moja tu ndilo la kweli, nalo linanitosha: mama hataki kufa. Nilidhani yuko tayari. Nilikuwa najiandaa kwa mama aliye tayari.

Jioni ile nilimuuliza anataka tufanyeje. Akasema tuache kama kulivyo. Watu wamekwisha niona nimekaa chini ya mkeka, wamekwisha mwona akinisamehe, mchungaji amekwisha omba. Nikianza kusema ukweli sasa, wagonjwa wote aliowanywesha tangu Pasaka watajua walidanganywa, na kifuu hakitafaa tena kwa mtu, hata kwa Sulu. Alinitazama usoni akaniuliza kama nitaweza kulibeba. Nikamwambia nimeshajishika tumbo ndani ya basi kwa ajili yake, hili nalo nitalibeba.

Nimekuandikia wewe peke yako kwa sababu mbili. Ya kwanza ni Sulu. Krismasi nitamtia kifuu mkononi mbele ya watu, akikitaka, na watasema nimetubu, na waseme. Lakini mpime figo zake kwanza huko mliko, na umwambie, anayesomea uuguzi ataelewa, kwamba siku yake ikifika ya kuacha kunywa asione haya, aseme. Kama hakitaki kabisa, nitakiendeleza mimi, ingawa pua yangu haijakubali mpaka leo.

Ya pili ni wewe. Ukishaisoma hii usiiache mfukoni, Ana hufua. Wala usimwonee mama huruma kwenye simu akajua kwamba umejua. Ataona haya mbele ya mwanawe wa kiume, na hiyo aibu ndiyo ambayo mimi nimeibeba ili isimfikie.

Nisalimie Ana, na watoto, na wote wa kanisani kwenu wanaotukumbuka. Mwambie yule mzee wa nonu ninamtakia afya, lakini akapime. Mama anakusalimu. Anadhani nakuandikia kuhusu paa.

Na ukipiga Jumapili, nakuomba ndugu yangu, nigombeze. Ukiwa mpole ghafla watauliza kulikoni. Nigombeze kwa sauti yako ya matai, Nive asikie, na lile la kumzika akiwa hai usiliache. Mama amelirudia mara nyingi, anasema ulilisema vizuri sana.

Ni mimi dada yako,

Fuatino